Nimepata mita 518, kitabu kinasema 40. Nimekosea wapi kwenye swali la breki?

boda_wa_tabata

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada kwenye swali la fizikia, na tafadhali msinicheke.

Kwa kujitambulisha, mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Tabata karibu na reli. Kidato cha nne nilimaliza miaka sita iliyopita na fizikia nikapata F iliyonyooka. Mwaka huu nimejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba naingia tena chumba cha mtihani. Nasoma mchana kijiweni abiria wakiwa wachache, daftari nalilaza juu ya tangi la mafuta. Wenzangu wananiita Profesa, na si kwa heshima.

Swali lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza, nalileta kwa Kiswahili. Gari linakwenda kwa kasi ya 72 km/h. Dereva anafunga breki, mwendo unapungua kwa 5 m/s² mpaka gari linasimama. Tafuta umbali ambao gari limekwenda tangu breki zilipofungwa.

Nimetumia ile ya v² = u² + 2as. v ni sifuri kwa sababu gari limesimama. u, kasi ya kuanzia, ni 72, a, yaani mwendo unavyopungua, ni −5, na s ndio umbali ninaoutafuta. 72 mara 72 ni 5184, nikagawa kwa 10, nikapata 518.4. Nikaandika mita 518.4 na kupiga mistari miwili chini yake kwa kujiamini kabisa. Kufungua nyuma ya kitabu, jibu mita 40.

Nikaipeleka tuisheni (siitaji ni ipi). Mwalimu akaitazama sekunde mbili, akachora mkasi mwekundu (alama ya kosa), akaandika "YUNITI!!!" akapita kwa mwenzangu. Kwa elfu mbili yangu ya siku ile, hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa.

Kuna mshkaji aliniambia "we gawa kwa 3.6 tu". Sawa. Ila juzi kwenye swali jingine nikasahau kama ni kugawa au kuzidisha, nikazidisha. Na kuna swali jingine la basi lililokwenda kilomita 180 kwa saa 3. Pale sikubadilisha chochote, nikaandika 60 km/h, nikapewa tiki.

Sasa inakuwaje? Huku sijabadilisha nimepata, huku sijabadilisha nimekosa. Nani anaamua? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa kuliko hata kwenye hesabu yenyewe. Kama kuna sheria niambieni sheria, msinipe jibu. Jibu ninalo, liko nyuma ya kitabu.

mtoto_wa_gerezani

Mita 518 ndio usimame? Profesa, pikipiki yako mimi sipandi.

mwalimu_mstaafu

Mwanangu, nimefundisha fizikia miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa Temeke, na swali lako la mwisho ni zuri kuliko lile la kitabuni. Wanafunzi wengi hawaliulizi. Wanakariri 3.6, siku ya mtihani wanapiga ramli.

Nianze na mkasi mwekundu uliochorewa. Hesabu yako ni sahihi. Haina kosa hata moja. Ila umehesabu breki za gari lingine.

Tazama. Uliposoma swali uliona "72 km/h". Ulipoingia kwenye fomula ukaingiza 72 peke yake, km/h ukaiacha mlangoni kama viatu vya msikitini. Fomula haina macho ya kuona ulichoacha nje. Ndani imekuta 5 iliyokuja na mita na sekunde zake, ikaichukua na 72 yako kuwa ni mita kwa sekunde. Gari linalokwenda mita 72 kwa sekunde lina kasi ya kilomita 259 kwa saa. Gari hilo likifunga breki kwa 5 m/s² litasimama baada ya mita 518.4 kamili, kama ulivyosema. Kwa hiyo jibu lako ni la kweli, ila hukuulizwa habari za gari hilo.

Sasa sheria uliyoitaka. Ndani ya mlinganyo mmoja vizio vyote (ndizo hizo yuniti) viwe vya ukoo mmoja. Basi tu. Hakuna amri kwamba lazima iwe mita na sekunde. Swali la basi lilikuwa na kilomita na saa peke yake, na jibu ukaliacha kwenye kilomita na saa, hakuna mgeni aliyeingia, ndiyo maana ukapewa tiki. Swali la breki lina kilomita na saa upande mmoja, mita na sekunde upande wa pili. Ni kama kwenda sokoni Tandika ukanunua unga kilo moja na nyanya sado moja, halafu ukatangaza umenunua "mbili". Mbili za nini?

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomula, soma swali uzungushie duara kila kizio. Ukiona koo mbili, chagua moja. Kwenye maswali ya mchapuko (nyinyi mnasema akselerasheni) tunachagua mita na sekunde kwa sababu mchapuko karibu siku zote huja hivyo.

Kubadilisha kwenyewe, kwa muda huu sahau 3.6. Mimi darasani nilikuwa naipiga marufuku muhula mzima wa kwanza. Andika maneno yalivyo: kilomita 72 kwa saa moja. Kilomita 72 ni mita ngapi? 72,000. Saa moja ni sekunde ngapi? 3600. Basi gari linakwenda mita 72,000 ndani ya sekunde 3600. Gawa:

72,000 ÷ 3600 = 20 m/s

Sasa rudi kwenye fomula yako. 20 mara 20 ni 400, gawa kwa 10, mita 40. Ile 3.6 si uchawi, ni 3600 ikigawanywa kwa 1000. Ukijua ilikotoka hutauliza tena kama ni kugawa au kuzidisha.

Jambo jingine linalonifurahisha mimi mzee. Gawa jibu lako kwa jibu la kitabu: 518.4 ÷ 40 = 12.96. Na 3.6 mara 3.6 ni ngapi? 12.96. Kasi kwenye fomula hii inajizidisha yenyewe, na kosa nalo likajizidisha lenyewe. Nilipokuwa nasahihisha madaftari, nikiona jibu limezidi mara 13 hivi sihangaiki hata kusoma kazi, najua mtoto kasahau kubadilisha kasi.

Na wewe una kitu ambacho wanafunzi wangu hawakuwa nacho. Unaendesha. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina urefu wa mita 680. Jibu lako lilisema dereva aliyekanyaga breki mwanzo wa daraja anakuja kusimama robo tatu ya daraja. Kwenye mwendo wa 72, barabara kavu, breki nzima. Mwili wako ulikuwa unalijua jibu hilo ni uongo, ila hukuuuliza.

fundi_vigae

Mwalimu shikamoo. Nimelisoma hili la kosa kujizidisha, nikakumbuka lililonipata mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilipewa sebule Kinyerezi, mita 4 kwa mita 3. Vigae vya sentimita 40 kwa 40. Nikapiga 40 × 40 = 1600. Nikasema mita moja ina sentimita 100, nikagawa kwa 100, nikapata 16. Kwa hesabu ile kigae kimoja kilikuwa na mita za mraba 16, sebule nzima inaingia ndani ya kigae kimoja na kinabaki cha kukatwa. 😂 Nikajua kuna kitu, lakini sikujua ni nini, nikamwachia mwenye duka anikadirie. Akanikadiria kweli. Vikabaki maboksi sita na mwenye nyumba hakuvilipia.

Baadaye ndipo mzee mmoja akanionyesha kwamba mita ya mraba moja ni 100 kwa urefu na 100 kwa upana, kwa hiyo ni sentimita za mraba 10,000. Kigae ni 0.16. Sebule ni 12. Vigae 75, ongeza vya kuvunjika. Nadhani ni ugonjwa uleule wa Profesa.

mwalimu_mstaafu

Marahaba fundi. Ni uleule. Na kwenye ujazo ni mbaya zaidi, mita ya ujazo moja ni sentimita za ujazo milioni 1.

mama_kimara

Samahani kwa kuingilia uzi wa watu. Nina binti kidato cha pili, jana tumelala saa sita kwa sababu ya swali kama hili ila lake ni la saa. Basi limeondoka 7:30 asubuhi, limefika 10:15 asubuhi, umbali kilomita 165, tafuta kasi ya wastani. Jibu ni 60 km/h. Binti kapata kwanza 18.6. Kafuta, kapata 57.9. Kafuta tena, kapata 67.3. Mimi niliishia la saba, baba yake yuko safari. Yeye analia, mimi nimeshika kikokotoo nacho kinatoa majibu yaleyale. Kikokotoo kinaweza kuharibika?

mwalimu_mstaafu

Mama, kikokotoo ni kizima. Binti yako kafanya makosa matatu tofauti na yote matatu nayafahamu kama ninavyofahamu njia ya kwenda nyumbani.

18.6 imetoka hapa: kaona 7:30, akaigeuza ya Kiswahili ikawa saa 1:30. Halafu 10:15 kaiacha ya Kizungu. 10.15 kutoa 1.30 ni 8.85. Kilomita 165 kwa saa 8.85, basi gani hilo, linapitwa na baiskeli. Mwambie anaweza kutumia saa za Kiswahili au za Kizungu, haidhuru, tofauti ni ileile kwa sababu zote zinasogea kwa saa sita. Ila zisogee zote mbili. Saa 1:30 mpaka saa 4:15, au 7:30 mpaka 10:15.

57.9 imetoka kwenye kikokotoo. Kaandika 10.15 − 7.30, kikampa 2.85. Kikokotoo hakijui kwamba nukta ile ni ya dakika. Kwake nukta ni sehemu ya mia, na saa yetu haina dakika mia.

67.3 ndiyo iliyokaribia njia ya sawa, ingawa namba yenyewe iko mbali zaidi. Hapo alihesabu kwa vidole, nadhani, akapata saa 2 na dakika 45, ambayo ni sawa. Akaiandika 2.45. Dakika 45 si 0.45 ya saa. Ni 45 ÷ 60, yaani 0.75. Saa 2.75. Sasa 165 ÷ 2.75 inatoa 60.

Mpe na hili ajaribu. Mwanariadha wetu Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Mimi nilikuwa mtoto, redio ya jirani ilizungukwa na mtaa mzima. Atafute kasi yake kwa mita kwa sekunde. Akiandika dakika 3.32 halafu akazidisha kwa 60 atapata sekunde 199.2, yaani dakika 3 na sekunde 19. Kwa kosa hilo moja kamfanya Bayi akimbie mbio ambazo hata Hicham El Guerrouj wa Moroko hakuzifikia mwaka 1998 alipoweka rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 26. Njia ya sawa ni 3 × 60 = 180, ongeza 32.2, sekunde 212.2. 1500 ÷ 212.2 ni kama 7.07 m/s. Mkitaka kujua pikipiki ya Profesa ingemfukuzaje, zidisheni kwa 3.6, ni kilomita 25 na kidogo kwa saa. Mwendo ambao bodaboda anaona anatambaa, binadamu aliushika kwa miguu mita 1500 nzima.

mama_kimara

Mwalimu Mungu akuweke. Nimemwonyesha, kaniambia "mama, kumbe 2.45 ilikuwa karibu". Analiona kama ushindi.

boda_wa_tabata

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara tatu. Lile la gari lingine limenigusa, leo nimelisimulia kijiweni na hakuna aliyenicheka, wote wanajua hapa hakuna pikipiki ya 259.

Nimerudia yale maswali yote niliyochorewa mkasi. Nimepata saba kati ya tisa. Nimegundua na mimi njia yangu ya kuangalia. Lile swali nililozidisha badala ya kugawa, kasi ilikuwa 90 km/h na mimi nikaandika 324 m/s. Ukiwa kwenye 90 halafu ukahesabu "elfu moja na moja", utapita nguzo 324 za kila mita moja ndani ya pumzi moja? Haiwezekani kwa pikipiki. Ni 25. Kwa hiyo nikitoka km/h kwenda m/s namba lazima ipungue. Hata nikisahau yote hilo silisahau.

Kuna moja bado linanisumbua. Pikipiki inaanza kutoka kusimama, inafika 54 km/h ndani ya sekunde 6. Tafuta mchapuko, halafu umbali. Mimi nilichukua 54 nikagawa kwa 6, nikapata 9. Kitabu kinasema 2.5. Lakini jamani hii 9 mimi naiona kwa macho! Kisahani cha spidi kinapanda hivyo hivyo. Inakuwaje iwe kosa?

dada_mlimani

Kaka, mwalimu naona kapumzika, nikujibu mimi. Niko mwaka wa pili Mlimani, nasoma uhandisi, na hili la kwako lilinitesa na mimi.

9 yako si kosa. Ina kizio chake ambacho hukukiandika: kilomita kwa saa, kwa kila sekunde. Maana yake kila sekunde inayopita kisahani kinaongezeka 9. Sekunde ya kwanza 9, ya pili 18, 27, 36, 45, 54. Ndicho unachokiona kwa macho. Mtu akikuuliza pikipiki yako inachanganya vipi, hilo ni jibu zuri kabisa la kijiweni.

Tatizo linakuja ukitaka umbali. Ndani ya hiyo 9 kuna saa na sekunde, koo mbili ndani ya namba moja, zimejificha. Ukiiweka kwenye s = ½at² (t ni zile sekunde 6) unapata ½ × 9 × 36 = 162. Mita 162 ndani ya sekunde sita za kuondokea. Hapana. Badilisha kwanza: 54 km/h ni 15 m/s, gawa kwa 6, ni 2.5 m/s². Halafu ½ × 2.5 × 36 = mita 45.

Ila angalia 162 ÷ 45. Ni 3.6, si 12.96 kama kwenye breki. Kwa nini? Kwa sababu safari hii kasi haikujizidisha, imeingia mara moja tu kupitia mchapuko. Kwa hiyo ukubwa wa kosa unakuambia na mahali lilipoingilia. Mimi hiki kitu nilikigundua nikiwa kidato cha sita nikajiona nimegundua mafuta, kumbe mwalimu hapa juu alikuwa anakitumia kusahihishia madaftari.

Na usidhani ni mambo ya wanafunzi peke yake. Mwaka 1983 kuna Boeing 767 ya Air Canada ilizimika injini zote mbili angani kwa kuishiwa mafuta. Kanada walikuwa wanahama kutoka ratili (paundi ya uzito, haifiki nusu kilo) kwenda kilo. Ndege ilihitaji kilo 22,300, wahusika wakapiga hesabu kwa kizidishio cha ratili, wakajaza chini ya nusu. Karatasi ilikuwa na namba 22,300 ileile. Rubani aliishusha ikielea bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, hakuna aliyekufa. Huwa naikumbuka kila nikiona mtu kaandika namba bila kitu mbele yake.

boda_wa_tabata

Dada asante sana. Hiyo ya ndege nimewasimulia watu na mmoja kasema ndiyo maana yeye anajaza mafuta ya elfu tano, hana habari na lita. 😄

Sasa sikilizeni nilichofanya Jumapili. Kuna barabara mpya ya ndani huku kwetu, imenyooka na asubuhi haina watu. Nimeazima futi kamba kwa fundi mmoja jirani, la mita 30. Tukapima mita 100, tukaweka tofali mwanzo na tofali mwisho. Mshkaji akakaa mwisho na simu ya kuhesabu sekunde, mwingine akasimama mwanzo kunyoosha mkono nikipita. Mimi nikaja tayari niko kwenye 36, nikaishikilia hapo hapo kwenye kisahani. 36 nimeichagua makusudi, ni 10 m/s, inatakiwa nitumie sekunde 10 kamili.

Mara ya kwanza 10.8. Nikasema mshkaji kachelewa kubonyeza. Mara ya pili 10.6. Mara ya tatu 10.9. Wastani kama 10.8. 100 ÷ 10.8 ni 9.26 m/s, zidisha kwa 3.6 ni 33 km/h na pointi. Kisahani kinaniambia 36. Nani mwongo hapa, mimi, simu au pikipiki?

Halafu nikapima breki. Kwenye 36 hiyohiyo, nikifika kwenye tofali nabana breki zote mbili, si kwa fujo. Nikasimama, nikapima: mita 11 na nusu. Kwa hesabu ya kitabu, na 5 m/s², inatakiwa iwe 10. Nimekaa chini pale pale kwenye lami nikacheka peke yangu. Miaka minne naendesha na sijawahi kujua nasimama kwa mita ngapi.

mwalimu_mstaafu

Nimefurahi mpaka nimemwita mume wangu asome.

Visahani vingi vya spidi vinatengenezwa visome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa usalama, na tairi lililolika linaongeza hilo. Kwa hiyo 33 halisi kwa 36 ya kisahani haishangazi. Mkono wa mwenzako nao unakula sehemu mbili tatu za kumi ya sekunde kwenye kila jaribio, lakini wewe umepata tatu zote zinaegemea upande mmoja, kwa hiyo si mkono peke yake.

Ila sasa rudia hesabu ya breki. Umetumia 10 m/s ya kisahani, na umeshathibitisha mwenyewe kwamba ulikuwa kwenye 9.26. Tafuta mchapuko wako halisi kwa 9.26 na mita 11.5.

boda_wa_tabata

9.26 mara 9.26 ni 85.7. Gawa kwa mara mbili ya 11.5, yaani 23. Ni 3.7.

3.7 m/s². Nimeandika na kizio, mwalimu.

fundi_vigae

Profesa hongera, ila nikuulize kifundi. Futi kamba la mita 30 umepimaje mita 100? Umeunganisha mara tatu halafu ukaongeza 10? Kila ulipounganisha uliweka alama ya nini, chaki au ulikanyaga kwa mguu? Maana ukikosea sentimita 20 kila kiungo, kwenye mita 100 hutajali, lakini kwenye zile mita 11 na nusu za breki hakikisha ulipima kuanzia kwenye tofali lenyewe, na si pale ulipokumbuka kubana.

boda_wa_tabata

Fundi... nilikanyaga kwa mguu. Na kwenye breki, nadhani nilibana nikiwa nimeshapita tofali kidogo. Jumapili tunarudia, na chaki.